Kisomeo Kisicho na Sauti

Gatkuoth alizikwa Jumamosi, mwezi wa pili, na Jumatatu iliyofuata akawasomea akina mama Neno kama kawaida yake.

Kanisa lao lilikuwa ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, jengo la matofali ya udongo na paa la mabati. Kila asubuhi, kabla soko halijafunguka, wanawake kama arobaini walikusanyika humo, wakasikiliza sura mbili, wakaomba, kisha kila mmoja akashika njia yake. Walikuwa Wanuer, Wadinka na Waanyuak, na lugha ya mama haikuwa moja. Kwa hiyo walikutana katika Kiswahili, ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao na hivyo hakikumkera yeyote. Wengi hawakujua kusoma. Gatkuoth, mwinjilisti wao, ndiye aliyekuwa macho yao.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, mradi mmoja wa elimu ulifunga ofisi kambini na kumwachia tableti. Mtu mwingine angeitumia kutazama mpira. Gatkuoth alianza kujirekodi akisoma. Alisema mtu husafiri, mtu huugua, na si haki akina mama walale njaa ya Neno kwa sababu mtu mmoja ana homa. Akaanzia kwenye kuumbwa kwa dunia, akaenda sura kwa sura, akikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia lililogawa nyumba, na mkewe Nyaruach akijitahidi asigonge sufuria.

Basi Jumatatu ile, mwili wake ukiwa na siku mbili tu ardhini, Adut, mwenyekiti wa akina mama, aliisimamisha tableti juu ya meza ya mbele, akaiegemeza kwenye kisanduku cha sadaka, akabonyeza. Sauti ikatoka. Wanawake walilia kwa kitambo, wakanyamaza, wakasikiliza. Ilipokwisha sura ya pili walijibu amina wakiielekea meza, kama watu wanaomjibu mtu.

Kwa haki kazi ya kusoma ingekuwa ya Nyaruach. Aliingia Kakuma akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, ameshikwa mkono na shangazi asiyejua herufi hata moja, na humo kambini akasoma, akafanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na mtoto mgongoni. Baadaye alichagua biashara ya samaki wakavu, wale wanaotoka Kalokol ziwani, na meza yake sokoni ilijulikana kwa kuwa na samaki wasio na mchanga. Siku za soko kali watu walimletea barua, risiti za dawa na karatasi za shirika awasomee. Hakuna aliyesoma vizuri kumshinda. Lakini siku zile za mwanzo kinywa chake kilikuwa kikavu kama mfupa, na Adut alipomuuliza kama wafanye hivyo kwa wiki moja tu, mpaka apate nguvu, Nyaruach aliitikia kwa kichwa. Alishukuru hata. Ilikuwa kama kupewa siku za nyongeza.

Wiki moja ikazaa mwezi, na mwezi ukazaa miezi.

Kumlaumu Adut ni vigumu. Mwaka ule Wanuer na Wadinka walipochomeana nyumba kambini, Gatkuoth, Mnuer, alisimama kwenye mlango wa Adut, Mdinka, akafungua kitabu chake na kuanza kuwasomea vijana waliokuja na fimbo. Aliwasomea sura za sheria, zile ndefu za vipimo vya hema na mapazia, mpaka wakachoka kusikiliza, wakaondoka mmoja mmoja wakitukana. Tangu hapo Adut aliisikia sauti ile kama mtu anavyosikia komeo likiingia mahali pake. Aliihitaji. Na hakuwa peke yake.

Ila rekodi haikuwa na Neno peke yake. Kulikuwa na jogoo wa jirani. Kulikuwa na adhana kutoka upande wa Wasomali, na Gatkuoth akingoja kwa adabu mpaka iishe. Kulikuwa na kikohozi, kidogo mwanzoni, halafu kikubwa. Akina mama walivijua vyote hivyo kama walivyozijua beti za nyimbo zao. Walijua jogoo atawika wapi.

Mwezi wa sita walifika kwenye habari za mfalme mmoja na vita vyake. Katikati ya mapigano, Gatkuoth alikatiza, na sauti ile ile, bila kubadilika, ikasema, "Nyaruach, hebu niletee maji."

Nyaruach akainuka. Hakufikiri. Alikwenda kwenye mtungi uliokuwa pembeni ya mlango, akateka, akarudi na kikombe mpaka mbele kabisa, na hapo akasimama. Juu ya meza kulikuwa na tableti na kisanduku cha sadaka. Vita viliendelea. Wanawake arobaini walimtazama, na hakuna aliyecheka. Mwishowe ajuza mmoja asiyeona, Agot, ambaye kambi nzima ilimwita Habuba, yaani bibi, alinyoosha mkono hewani akasema ana kiu. Akapewa kikombe, akakinywa chote. Nyaruach akarudi kukaa. 

Kuanzia siku hiyo alimsikia Gatkuoth mchana kweupe. Alikuwa akifunga samaki wa mteja kwenye gazeti, akasikia jina lake likiitwa nyuma ya bega, kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kigoda. Akigeuka, anakuta mkokoteni wa maji na vumbi. Aliomba. Aliomba kwa maneno na bila maneno. Hakumwogopa Gatkuoth; hakuwahi kumwogopa akiwa hai. Alichoogopa ni kwamba alikuwa anaanza kungoja kuitwa.

Sasa, kwa desturi ya Wanuer, matanga hayaishi kwa kukauka machozi. Huja siku ukoo unakusanyika, wafiwa wananyolewa nywele zilizoota tangu msiba, na mkubwa wa ukoo anasema na marehemu, kwa upole lakini bila kuzunguka: umekwenda, geuza uso wako, waachie walio hai mahali pao. Zamani hilo lilifanywa kwa ng'ombe. Huko Kakuma, ambako ng'ombe ni wa wenyeji na mkimbizi ni wa kadi ya chakula, lilifanywa kwa maombi na sufuria ya wali, lakini maneno yalikuwa yale yale. Mpaka yasemwe, mjane ni mjane wa juzi. Hapaki mafuta. Haimbi kwaya. Kwenye harusi hukaa nje ya uzio pamoja na viatu.

Mwenye kuyasema maneno hayo alikuwa Bichiok, kaka mkubwa wa Gatkuoth, mlinzi wa ghala, mtu wa sentensi chache. Walikuwa wamepanga mwezi wa nane. Mwezi wa nane ulipofika alikuja mezani kwa Nyaruach sokoni, akasimama kando ya samaki, akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "nitamwambiaje mtu ageuze uso, na kesho yake asubuhi yuko kanisani anasoma? Ataona tunamtania."

Nyaruach akamuuliza wafanyeje.

"Tungoje amalize kusoma."

Akavaa kofia akaenda. Nyaruach alibaki akiwafukuza nzi. Nywele zake zilikuwa zimeota kichwa kizima, zimekosa mafuta, zinawasha chini ya kitambaa cheusi. Wala hakuwa na siku ya kungojea: yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba Gatkuoth hakumaliza kujirekodi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Walikuwa wamefika kwenye habari za wale watu waliochukuliwa mbali na kwao, wakakaa ugenini miaka na miaka, halafu siku moja wakaruhusiwa kurudi. Iko sura yenye orodha yao, ukoo kwa ukoo, na hesabu ya kila ukoo. Gatkuoth aliyapenda majina. Wasomaji wengine huyaruka. Yeye aliyasoma kama mtu anayeita mahudhurio. Asubuhi ile sauti yake ilikuwa nyembamba. Alisoma ukoo mmoja, akapumua, akasoma mwingine, akapumua. Katikati ya orodha akanyamaza. Kikasikika kigoda kikisogea. Kisha, mbali kidogo na mashine, akasema, "Kesho." Na rekodi ikaisha.

Wanawake walikaa. Walingoja muda mrefu. Hakukuwa na amina, kwa maana hakukuwa na mahali pa kuiweka.

Adut ndiye aliyesimama. Akasema basi, watarudi mwanzo, kwenye kuumbwa kwa dunia. Kilichobaki ni tableti yenyewe: betri ilikuwa imevimba, mgongo umebenuka kama kasa, na fundi wa soko alikataa hata kuigusa. Kikundi kitachanga, kinunue tableti mpya, nzuri, na sauti ihamishiwe humo ikae miaka. Michango ikatolewa palepale kwa furaha, kama watu wanaomchangia mgonjwa. Na kwa kuwa Nyaruach alikuwa na kibali cha kutoka kambini wiki hiyo kwenda Lodwar kufuata mzigo wa samaki, yeye ndiye aliyetumwa. Adut alimfungia pesa kwenye leso, akamfungia na ile kadi ndogo ya kumbukumbu yenye sauti, nyembamba kama ukucha.

"Usiipoteze, Mama Mwinjilisti," akamwambia. "Hapo ndipo tulipo sisi wote."

Lodwar ilimpokea kwa jua lake. Alimaliza habari ya samaki mapema. Mama wa Kiturkana aliyempokelea mzigo kutoka Kalokol alikuwa mtu wa haraka, wakaulizana hali tu kwa Kiturkana, ejok, ejok-noi, wakapima, wakaagana. Kisha akatafuta duka la vifaa alilokuwa ameelekezwa, la mwanamke aitwaye Mugure, aliyekuja kutoka Murang'a miaka kumi na miwili nyuma akisema atakaa miezi sita.

Mugure alikuwa amekaa barazani, kwenye kiti cha plastiki, nusu kivulini nusu juani, akisoma. Alichokisoma kilikuwa kitu cha kijivu, kidogo kuliko kitabu cha nyimbo. Alikiweka chini alipoona mteja, akaingia ndani, akasikiliza shida yake, akamtolea tableti tatu. Alikuwa muuzaji wa kweli: moja aliisifu, ya pili aliisema, ya tatu akamshauri aiache kabisa. Halafu akasema wajaribu ile nzuri kwa sauti yao wenyewe, ndipo watajua. Akaichomeka kadi, akafungua rekodi ya kwanza.

Tableti ya zamani ilikuwa na spika iliyopasuka, na kwa miezi minane sauti ya Gatkuoth ilikuwa imewajia kama inayopita kwenye gunia. Hii ilitoka pana, safi, karibu. Ni kama Gatkuoth mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kaunta. Nyaruach alisikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia: ufagio uani, na kumbe ni yeye anafagia. Mtu akicheka mbali, na ni yeye huyo huyo. Na chini ya maneno, mwisho wa kila pumzi, kulikuwa na mluzi mwembamba, kama upepo kwenye mlango usiofunga sawasawa.

Ulikuwapo tangu mstari wa kwanza.

Watu wote Nyaruach alikuwa amewaambia kwamba ugonjwa ulimchukua kwa miezi mitatu. Ndivyo alivyowaambia daktari, mchungaji, na wakwe. Kumbe miaka miwili kabla, nyuma ya pazia, mtu alikuwa tayari anakatika pumzi huku mkewe akifagia na kucheka.

"Sauti tamu hii," Mugure akasema, akiipunguza kidogo. "Ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Si ungekuja naye achague mwenyewe? Wanaume na hizi vitu, hawaamini mtu."

"Ana kazi nyingi," Nyaruach akasema. "Atakuja siku nyingine."

Aliyasema bila kigugumizi, na hata akatabasamu, kama wake za watu wanavyotabasamu wakiwasema waume zao. Mara akajisikia. Akasikia alivyosema, na akasikia jinsi uongo ule ulivyokuwa mtamu, jinsi ulivyomwenea mwilini kama nguo yake mwenyewe. Akashika kaunta kwa mikono miwili. Akamwomba Mugure aizime. Mugure akadhani ni jua, akamtoa barazani, akampa maji na kile kiti cha plastiki, na Nyaruach akajikuta amekalia kiti kile akiwa na kile kitu cha kijivu mapajani.

Jua lilikipiga moja kwa moja. Tableti ingegeuka kioo cha kujitazamia. Hiki herufi zake zilizidi kuwa nyeusi, zimetulia, kama zilizopigwa chapa kwenye karatasi.

Akauliza ni nini. Mugure akacheka kidogo kwa aibu, kama mwenye mgahawa aliyekutwa akila kwa jirani. Akasema ni kisomeo, cha kusomea vitabu tu. Tableti anaziuza, lakini yeye mwenyewe hasomi nazo. "Nikifungua tableti nisome, dakika mbili niko kwa picha za harusi ya mtu nisiyemjua. Hii haina mahali pa kupotelea." Chaji ilikaa wiki tatu, wakati mwingine mwezi. Macho hayakumuuma. Ubaya wake alisema pia: kilikuwa cha polepole, kiligeuza ukurasa kwa kupepesa kama mtu mwenye vumbi machoni, hakikuwa na rangi, na watoto hawakitaki.

"Kinasema?" Nyaruach akauliza.

"Hakisemi."

"Hata kidogo? Hata ukiweka kadi?"

"Hakina sauti kabisa, dada. Kazi yake ni kunyamaza usome."

Nyaruach aligeuza ukurasa mmoja, akatazama ule wa kwanza ukififia na wa pili ukitokea. Kisha akamwambia Mugure ukweli: kwamba mume wake alifariki mwezi wa pili, na kwamba hakujua kwa nini alisema vile. Mugure alisogea karibu. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, chini yake, akaweka mkono juu ya mguu wa Nyaruach kama wanavyofanya watu wa msibani. Baadaye, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, alimwambia kwamba kwa kikundi cha akina mama wasiojua kusoma, tableti ndiyo ya maana. Itawasomea yenyewe.

"Ukichukua hii," akasema, "itabidi wewe ndiye usome. Kila siku."

"Ndiyo," Nyaruach akasema.

Mugure alikuwa nacho kingine dukani, kimetumika kidogo. Alimwekea Neno lote kwa Kiswahili, akamwonyesha jinsi ya kukuza herufi, akafuta kioo kwa pindo la leso yake. Kadi ya sauti aliirudisha kwenye fundo la leso ya Adut, pamoja na chenji, na alipoagana naye alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Njia nzima kurudi Kakuma, Nyaruach aliogopa. Alikuwa ametumwa kitu akaleta kingine, na hicho kwa pesa za wajane na wauza chai. Alitafuta maneno ya kujitetea, akayakosa, akaamua kwenda bila maneno.

Jumatatu asubuhi kanisa lilijaa kuliko kawaida. Hata Bichiok alikuwapo, amesimama mlangoni na sare ya ulinzi, ametoka zamu. Nyaruach akakiweka kile kitu cha kijivu juu ya meza. Kilionekana kidogo mno. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba Lodwar kumbe wanauza vigae.

Adut akakichukua, akakigeuza huku na huku, akatafuta pa kubonyeza. "Sauti iko wapi?"

"Hiki hakina sauti."

"Tulikutuma tableti."

"Ndiyo. Mlinituma tableti."

Hapo kelele ikaanza. Walisema kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipowaishia walisema kila mtu kwa kwao. Mmoja alisema ni kiburi cha elimu. Mwingine alisema huzuni humfanya mtu mwizi. Nyaruach alisimama akaacha yamwagike. Pesa yao, alisema walipotulia, atailipa kwa samaki mpaka iishe, na kisomeo kitakuwa mali yake. Hilo halikumtuliza mtu, kwa sababu si pesa iliyowauma.

Adut hakuwa amepiga kelele. Alikuja karibu mpaka nyuso zao zikakaribiana, na aliposema alisema chini.

"Umemzika mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa Mungu. Hii ni wewe."

Nyaruach akaitoa ile leso ya Adut. Akafungua fundo la leso, akatoa kadi, akaiweka katika kiganja cha Adut na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Sauti ni yako," akamwambia. "Sikuitupa. Iweke kwenye simu, msikilize nyumbani, ninyi mnaotaka. Mimi pia labda nitakuja siku moja kuomba nisikie. Lakini Lodwar nilimwambia mtu kwamba mume wangu yuko hai, ana kazi nyingi. Nilisema hivyo, Adut, na nilikuwa naamini. Mimi siwezi tena. Hapa kanisani asome mtu anayepumua."

Adut alimtazama. Kisha akashika kadi kifuani, akapita katikati ya mikeka, akampita Bichiok mlangoni, akatoka. Hawakujua kama wamfuate. Wawili walimfuata. Wengine walibaki, wengi wao, nadhani, kwa sababu walikuwa wamekwisha kukaa.

Nyaruach akawasha kisomeo. Jua la saa moja lilikuwa limeingia mlangoni na kufika kwenye meza, na herufi zikasimama wazi juu ya kijivu. Akatafuta kile kitabu cha waliorudi kwao, akaitafuta sura, akashuka na kidole mpaka kwenye ukoo ambao Gatkuoth alikuwa ameishia. Alijua ni upi. Alikuwa ameusikia ukikatika mara ya kwanza nyumbani, akiwa ng'ambo ya pazia, na mara ya pili kanisani, na hangeusahau.

Akasoma unaofuata.

Sauti yake ilikuwa na kutu. Ilikuwa ya sokoni, kali, si sauti ya kusomea. Neno la kwanza lilitoka kubwa mno na la pili halikutoka. Akakaza roho. Akaona njia pekee ni kukimbia, kama mtu anavyovuka mchanga wa moto bila viatu. Akayashika majina yale magumu na kuyamwaga, wana wa fulani mia sita na kitu, wana wa fulani mia mbili na kitu, watu wa mji huu, watu wa mji ule, akitaka tu afike chini ya orodha, pumzi ikiwa bado imo, kabla hajalia.

"Polepole, binti yangu," Habuba Agot akasema kutoka mkekani, macho yake meupe yakielekea paa. "Hao ni watu."

Nyaruach akainua kidole kwenye kioo.

Akarudi juu, akaanza upya kutoka kwa ukoo ule alioanzia. Safari hii alilitaja kila jina na kusimama, akataja hesabu na kusimama. Ilichukua muda. Mama mmoja alianza kuitikia kwa koo kila ukoo ulipotajwa, mm, kama watu wanavyoitikia wakielezwa njia, halafu mwingine. Walikuwa wanawake waliokaa kambini miaka ishirini, thelathini, na kila mmoja alikuwa na orodha yake kichwani, ya waliorudi na wasiorudi. Nyaruach hakulia. Alishangaa kwamba hakulia. Alikuwa anajua tu pumzi yake inaishia wapi na inaanzia wapi, na kwamba ni yake.

Alipomaliza sura, wakasema amina. Bichiok alingoja wanawake wapungue, akavua kofia. "Alhamisi," akasema. "Mwambie anayenyoa aje mapema, kabla ya joto." Na akaenda kulala.

Adut hakurudi ndani siku hiyo, wala hakuingia kesho yake. Alikuja, lakini alikaa nje, chini ya ukuta, kando ya mlango, kwenye jua la asubuhi ambalo bado halijawa kali, amewapa mgongo. Hakuna aliyemwita. Kutoka mezani Nyaruach aliona ncha ya nguo yake ikipeperuka mlangoni na kurudi. Tofali la udongo hula sauti. Kwa hiyo Jumatano, kabla ya kuanza, aliichukua ile meza na kuiburura mpaka karibu na ukuta ule, akakuza herufi za kisomeo, akafungua kifua, akasoma kwa nguvu, polepole, mpaka nje.